Nyenzo za Usalama Shambani: Ipi Imfae Mkulima, Ipi Familia, Ipi Kibarua

Mtu anayetaka kulinda uhai na afya yake shambani hakosi mahali pa kuanzia. Ziko lebo za viuatilifu, vipeperushi, mikataba ya kimataifa, orodha za ukaguzi, kozi za siku moja na mafunzo ya msimu mzima, video za simu, vituo vya taarifa za sumu na ofisi za ukaguzi wa kazi. Kinachomkwaza ni kwamba nyenzo hizi hutolewa kwa mkupuo, kana kwamba zote zinafanya kazi moja, ilhali kila moja ilitungwa kwa ajili ya mtu fulani na kwa wakati fulani. Ikishikwa na mtu mwingine kwa wakati mwingine haimsaidii, na pengine humfanya aamini kwamba amekwisha kujikinga. Shirika la Kazi Duniani (ILO) limekuwa likikitaja kilimo, pamoja na ujenzi na uchimbaji wa madini, kuwa miongoni mwa sekta tatu zenye hatari kubwa zaidi kwa wafanyakazi, na kwa sababu hiyo uchaguzi huu si jambo la kubahatisha.

Ninapima kila nyenzo kwa mambo mawili. La kwanza ni nani aliyekusudiwa: mwajiri, mwajiriwa, au mkulima anayelima yeye mwenyewe pamoja na jamaa zake. La pili ni kama nyenzo hiyo inabadilisha kitu chochote shambani au inamwonya mtu tu. Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi: kwanza kuiondoa hatari yenyewe, kisha kuibadilisha kwa kitu kisicho kikali, kisha kuizuia kwa kifaa, kisha kupanga kazi upya, na mwisho kabisa ndipo huja glavu, barakoa na miwani. Nyenzo nyingi zinazomfikia mkulima huanzia ngazi ya mwisho na kuishia hapo hapo, na kwa maoni yangu huo ndio upungufu wao mkubwa.

Lebo na kipeperushi

Kwa anayetumia viuatilifu, nyenzo ya kwanza kuishika ni lebo, kwa sababu ndiyo pekee inayozungumzia dawa ile ile iliyo mkononi mwake. Kipeperushi kinaweza kueleza vizuri sumu za wadudu kwa ujumla, lakini hakiwezi kumwambia ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna, ni saa ngapi zipite kabla ya mtu kuingia tena katika shamba lililopuliziwa, wala ni huduma gani ya kwanza inayofaa kwa kiambato amilifu kilichomo ndani ya chupa hiyo.

Katika nchi zinazofuata mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), chini ya lebo kuna utepe wa rangi. Nyekundu ni ya sumu kali za daraja Ia na Ib, njano ni ya daraja la II, bluu ni ya daraja la III, na kijani ni ya zile zisizotarajiwa kumdhuru mtu papo hapo zikitumiwa ipasavyo. Ndani ya utepe huo kuna vielelezo vidogo: vinavyohusu dawa kabla ya kuchanganywa hukaa upande wa kushoto, na vinavyohusu upuliziaji hukaa upande wa kulia. Asiyejua kusoma anaweza kuvifuata, lakini lazima awe ameelekezwa angalau mara moja, kwa sababu mchoro wa mkono chini ya bomba la maji haujielezi wenyewe kwa mtu ambaye hajawahi kuuona.

Hapa ndipo penye mtego ambao watumiaji wengi hawauoni. Rangi ya utepe hupima sumu ya haraka tu, yaani madhara ya kuingiwa na dawa mara moja au kwa muda mfupi. Haisemi lolote kuhusu saratani, uzazi, au mishipa ya fahamu inayochakaa kwa miaka. Parakwati, dawa ya kuua magugu, ni mfano ulio wazi: WHO huiweka katika daraja la II, kwa hiyo utepe wake ni wa njano, lakini funda dogo la dawa hiyo isiyochanganywa linaweza kumuua mtu mzima, na hakuna kiuasumu chake kinachojulikana. Kwa madhara ya muda mrefu, msomaji atafute alama ya mtu mwenye nyota kifuani, ambayo ni sehemu ya mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Utepe wa kijani na alama ya nyota kifuani vinaweza kukaa kwenye chupa moja, na anayetazama rangi peke yake ataipita alama hiyo.

Udhaifu mwingine wa lebo ni kwamba haihami pamoja na dawa inapohamishwa. Dawa ikimiminwa katika chupa ya soda ili kugawana na jirani, maelezo yote hubaki katika chombo cha kwanza, na mtoto akiiona chupa hiyo huona kinywaji. Kwa familia yenye watoto, kanuni ya kutokubali kamwe dawa iliyohamishwa kutoka chombo chake cha asili ina thamani kuliko vipeperushi vyote vilivyobandikwa ukutani.

Kipeperushi kina nafasi yake mahali ambapo hakuna lebo. Mnyama anayezaa hana lebo, na hata hivyo anaweza kumwambukiza anayemsaidia ugonjwa wa brusela. Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla hauna lebo, na hata hivyo unaweza kuwa na kimeta. Kadhalika jua kali, mizigo mizito, nyoka na maji yaliyochafuliwa na mkojo wa panya. Kwa mambo haya chagua kipeperushi kinachoonyesha wazi mwaka wa kuchapishwa na taasisi iliyokitoa, na kinachotaja kitendo kimoja kimoja badala ya kumwambia msomaji awe mwangalifu.

Mafunzo ya muuzaji, kozi ya darasani na shamba darasa

Mafunzo yanayotolewa na kampuni za pembejeo hupatikana kwa urahisi, mara nyingi bila malipo, na yule anayefundisha kwa kawaida anaijua bidhaa yake. Anaweza kumfundisha mkulima vizuri namna ya kurekebisha pua ya bomba, kupima dozi na kusuuza chombo mara tatu kabla ya kukitoboa. Swali ambalo hatarajiwi kulijibu ni kama dawa hiyo inahitajika tangu mwanzo. Sisemi hivyo kwa kumshuku mtu. Ni mpaka wa nyenzo yenyewe, na mkulima anayeijua mipaka hiyo anaweza kunufaika nayo bila kuifanya kuwa mwalimu wake pekee.

Kozi ya darasani inayotolewa na serikali, chuo au chama cha wafanyakazi humfaa zaidi mtu anayehitaji cheti au anayesimamia wengine. Nchini Marekani, kwa mfano, kanuni ya kuwalinda wafanyakazi wa kilimo dhidi ya viuatilifu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, inataka wafanyakazi wafundishwe kila mwaka na inazuia mtu aliye chini ya miaka 18 kuchanganya au kupulizia dawa. Kozi ya namna hii ina uzito wa sheria nyuma yake. Ila ukumbi uko mbali na bomba linalovuja, na mtu anaweza kufaulu mtihani kisha akarudi shambani na kukuta kwamba glavu alizofundishwa kuvaa hazipo.

Shamba darasa ni la aina nyingine kabisa. Lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, miaka mitatu baada ya serikali ya nchi hiyo kupiga marufuku matumizi ya viuatilifu 57 katika mpunga, kwa kuwa dawa zilizokuwa zikipuliziwa ziliua pia wadudu wanaowala waharibifu na hivyo kuzidisha mashambulizi ya wadudu wa mpunga wanaofyonza utomvu. Kikundi cha wakulima hukutana kila juma kwa msimu mzima katika shamba moja, huingia ndani, huhesabu wadudu waharibifu na wale marafiki, hutazama majani na maji, huchora walichokiona, kisha hujadiliana kama kuna haja ya kufanya lolote. Mara nyingi jibu huwa kusubiri. Watu wengi huliona kuwa mafunzo ya kilimo tu, lakini mimi naliweka juu ya kozi nyingine zote kwa upande wa usalama, kwa sababu dawa isiyopuliziwa haimdhuru mpuliziaji, wala anayefua nguo zake, wala mtoto anayecheza pembeni. Gharama yake ni muda: msimu mzima wa kuhudhuria si kitu ambacho kibarua anayehamahama anaweza kukipata, na mama mwenye kazi za nyumbani hukosa vipindi asipopangiwa saa zinazomfaa.

Kwa hiyo mwenye shamba lake na msimu mmoja wa kutenga achague shamba darasa. Anayesimamia wapuliziaji wengine hana budi kupata kozi rasmi. Mafunzo ya muuzaji yawe nyongeza kwa wote wawili.

Jirani mwenye orodha na mkaguzi mwenye sheria

Katika miaka ya 1990, huko Can Tho nchini Vietnam, ulianzishwa mpango unaojulikana kwa kifupi WIND, ambao ILO iliupeleka baadaye katika nchi nyingine. Wakulima hupewa orodha ya maboresho yenye michoro, kisha hutembelea shamba la mmoja wao. Kila kipengele kina swali lile lile: je, unapendekeza hatua ichukuliwe? Majibu ni hapana, ndiyo, au ndiyo na iwe kipaumbele. Haiulizwi nani mkosaji. Vipengele vyenyewe ni vya kawaida kabisa: njia ya kubebea mazao iwe tambarare na bila vikwazo, mzigo uwekwe kwenye mkokoteni badala ya kichwani, meza ya kuchambulia ifike usawa wa kiwiko, kuwe na maji safi ya kunywa karibu na mahali pa kazi, dawa zifungiwe kabatini. Kisha watu huonyeshana picha za maboresho yaliyokwisha kufanywa na wakulima wa eneo hilo hilo kwa vifaa vinavyopatikana hapo, na kila familia huamua itaanza na nini.

Nguvu ya utaratibu huu ni kwamba unamwona mkulima mdogo kama mwenye uamuzi, na unawashirikisha mume na mke pamoja. Jambo hili la mwisho lina uzito, kwa sababu mizigo mizito na kazi za kuinama kutwa mara nyingi humwangukia mwanamke, ilhali fedha za kununua mkokoteni ziko kwa mwanamume. Udhaifu wake ni kwamba hauna meno. Mwajiri asiyetaka kutoa maji ya kunywa hatatikiswa na orodha ya jirani.

Mkaguzi wa kazi ndiye mwenye meno, lakini si kila shamba liko ndani ya mamlaka yake. Mkataba wa ILO namba 184 wa mwaka 2001, ambao ndio mkataba mahususi wa usalama na afya katika kilimo, unasema waziwazi kwamba haukihusu kilimo cha kujikimu. Nchini Marekani, mashamba yenye wafanyakazi 10 au pungufu, yasiyo na kambi ya muda ya wafanyakazi, yamewekwa nje ya utekelezaji wa sheria ya shirikisho ya usalama kazini kwa masharti ya bajeti ya Bunge, na jamaa wa karibu wa mwenye shamba hawahesabiwi kabisa. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake kuu la usalama kazini la mwaka 1989, ulimlinda mwajiriwa, na mwaka 2003 ndipo ulipotoa pendekezo lisilo na nguvu ya lazima kuhusu waliojiajiri. Matokeo yake ni kwamba anayelima na familia yake, ambaye pengine ndiye mkulima wa kawaida zaidi duniani, ndiye aliyesahauliwa na maandishi mengi ya sheria. Asipoteze muda kutafuta ulinzi wake humo. Kwake yeye orodha ya WIND, afisa ugani na, pale inapokuwapo, bima ya kijamii ya wakulima vina manufaa zaidi. Ufaransa na Ujerumani zina taasisi za bima za namna hiyo, MSA na SVLFG, ambazo huwahudumia hata wenye mashamba na jamaa zao, na hutoa ushauri wa kuzuia ajali kabla haijaja kuwa madai ya fidia.

Kwa kibarua hali ni kinyume. Kwake yeye sheria ndiyo nyenzo ya kwanza, kwa sababu hana mamlaka ya kubadilisha mashine, ratiba wala dawa. Mkataba namba 184 unampa haki ya kujua hatari za kazi yake, haki ya kushiriki katika mambo ya usalama, na haki ya kujiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu kutokea bila kuadhibiwa, mradi amjulishe msimamizi wake mara moja. Unasema pia kwamba wafanyakazi wa muda na wa msimu wapate kinga sawa na ile ya wafanyakazi wa kudumu, na kwamba mahitaji ya wajawazito na wanaonyonyesha yazingatiwe. Hata pale ambapo nchi haijaridhia mkataba huo, tangu mwaka 2022 mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya yamo katika haki za msingi ambazo kila mwanachama wa ILO anawajibika kuziheshimu.

Hata hivyo sheria iliyo nzuri kwenye karatasi humfikia kibarua kwa shida. Anayelipwa kwa kilo au kwa mstari hupoteza ujira kila anapokwenda kunywa maji, na anayekaa katika nyumba ya mwajiri huogopa kufukuzwa akilalamika. Kwa sababu hiyo chama cha wafanyakazi au shirika la msaada wa kisheria linaloweza kuwasilisha malalamiko bila kumtaja mlalamikaji humfaa kuliko nakala ya sheria. Akilinganisha kanuni zenyewe, azitazame kwa jinsi zinavyotaja vitu vinavyoonekana kwa macho. Kanuni ya joto ya California, iliyoanza mwaka 2005, ni mfano mzuri: inadai maji, kivuli na mapumziko, na mtu yeyote anaweza kusimama shambani akaona kama kivuli kipo au hakipo. Kanuni inayosema tu kwamba mwajiri achukue hatua zinazofaa huishia katika mabishano.

Watoto: umri au uwezo?

Makadirio ya ILO na UNICEF yaliyotolewa mwaka 2025 yanaonyesha kwamba watoto milioni 138 walikuwa katika utumikishwaji mwaka 2024, na asilimia 61 kati yao walikuwa katika kilimo. Wengi hufanya kazi katika mashamba ya familia zao wenyewe, na hapa mzazi hukutana na nyenzo za aina mbili zinazosema kwa lugha tofauti.

Aina ya kwanza ni sheria za umri. Mkataba namba 184 unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari katika kilimo, na unaruhusu miaka 16 kwa masharti ya mafunzo na ulinzi kamili. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1998, imekataza mtoto aliye chini ya miaka 13 kuendesha trekta au kupanda juu yake wakati wa kazi za kilimo, hata kama shamba ni la baba yake. Sifa ya sheria ya namna hii ni kwamba haina mjadala. Mzazi aliyechoka, mvua ikiwa karibu kunyesha na mazao yakiwa bado nje, hahitaji kupima chochote, mtoto hapandi.

Aina ya pili ni miongozo ya uwezo. Marekani na Kanada zilitoa mwaka 1999 miongozo ya kazi za shambani kwa watoto, ambayo imekuwa ikirekebishwa tangu hapo. Badala ya kutaja umri peke yake, humuuliza mzazi maswali kuhusu kazi moja moja: je, mtoto anafikia kanyagio zote akiwa ameketi na kufunga mkanda? Anaweza kukumbuka hatua za kazi na kuzirudia kwa mpangilio? Hufanya mambo kwa pupa au hutii maelekezo? Je, kutakuwa na mtu mzima wa kumwangalia, na atakuwa karibu kiasi gani? Maswali haya yana thamani kubwa kwa mtoto wa miaka 14 ambaye sheria inamruhusu kazi nyepesi, kwa sababu wawili wenye umri huo huweza kutofautiana sana kwa kimo na kwa utulivu wa akili.

Nikilazimika kuchagua, naitanguliza sheria ya umri na kuufuatisha mwongozo wa uwezo, wala si kinyume chake. Mzazi humpima mwanawe kwa jicho la upendo na kwa haja ya msaada, na vyote viwili humfanya amwone kuwa amekomaa kuliko alivyo. Jambo jingine ni kwamba nyenzo zote mbili zinamzungumzia mtoto anayefanya kazi, ilhali wadogo zaidi huumia bila kufanya kazi yoyote: wanapakatwa kwenye trekta yenye kiti kimoja, wanasimama nyuma ya gari linalorudi nyuma, wanacheza karibu na bwawa la maji. Kwa umri huo onyo halifai kitu. Kinachofaa ni uzio na eneo la kuchezea lililotengwa mbali na njia ya mashine, na mtu mzima asiye na kazi nyingine kwa saa hizo. Mipango ya malezi ya watoto wakati wa mavuno haitajwi mara nyingi katika orodha za usalama, nami naona inastahili nafasi ya mbele humo.

Bango na kifaa

Katika mitambo, ulinganisho ni rahisi na hukumu yake haina shaka. Trekta ikipinduka, dereva hana muda wa kuruka. Sweden iliagiza mwaka 1959 kwamba trekta mpya ziwe na fremu ya kinga dhidi ya kupinduka, kisha ikaendelea hadi kwenye trekta za zamani, na vifo vya aina hiyo vikapungua mno. Fremu ikitumiwa pamoja na mkanda wa usalama hukadiriwa kuzuia karibu asilimia 99 ya vifo vya kupinduka. Hakuna bango, kozi wala video iliyowahi kukaribia matokeo hayo. Mahali palipo na mpango wa kurudishia wakulima sehemu ya gharama ya kufunga fremu, kama ule wa Marekani, hiyo ndiyo nyenzo ya kuitafuta kabla ya kitabu chochote. Mkanda nao una sharti lake: hufungwa pale tu penye fremu, kwa sababu bila fremu humfunga dereva chini ya uzito wa trekta.

Mhimili unaopeleka nguvu kutoka nyuma ya trekta hadi kwenye mashine inayovutwa huzunguka kwa kawaida mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Ncha ya koti au uzi wa suruali ukishikwa, nguo husokotwa na mwili kuvutwa kabla mtu hajatambua kinachomtokea. Kibandiko cha onyo kilichobandikwa hapo humsaidia anayepita mara ya kwanza, lakini aliyekizoea hakioni tena. Kifuniko cha plastiki humlinda kila siku, ilmradi ni kizima: trekta ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa, kifuniko hicho kizunguke kwa mkono bila kukwama juu ya mhimili. Mkaguzi, jirani mwenye orodha au kijana wa nyumbani, yeyote anaweza kufanya jaribio hilo.

Simu, video na huduma za msongo wa mawazo

Video fupi hufaa kuonyesha mwendo, kwa mfano jinsi ya kuvua glavu bila kugusa upande uliochafuka, au namna ya kumkaribia ng'ombe kutoka pembeni anapoweza kukuona. Hazifai kutoa dozi wala jina la dawa, kwa kuwa dawa zilizosajiliwa hutofautiana nchi na nchi, na video ya miaka kumi iliyopita bado inazunguka.

Madeni, ukame na upweke huumiza wakulima kama mashine zinavyowaumiza, na viuatilifu vilivyo karibu hugeuza saa moja ya kukata tamaa kuwa mauti. Hapa tena kuna nyenzo mbili zinazotakiwa kwenda pamoja: mtu wa kuzungumza naye, na kabati yenye kufuli. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali zaidi katika miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilipungua kwa karibu nusu kufikia mwaka 2005, jambo linaloonyesha kwamba kuweka sumu mbali na mkono huokoa uhai hata pale dhiki yenyewe haijaondoka.

Wakati wa dharura

Nyenzo ya kuzuia na nyenzo ya kuokoa hazibadilishani nafasi. Mtu akiwa ameanguka, hakuna wa kufungua kitabu cha kurasa mia tatu. Katika saa hiyo kituo cha taarifa za sumu, mahali kilipo, hushinda vyote, kwa sababu upande wa pili wa simu kuna mtaalamu anayeweza kusema kama mgonjwa apelekwe hospitali mara moja na afanyiwe nini njiani. Nchi nyingi bado hazina kituo cha namna hiyo, na kwa wakazi wake kinachobaki ni lebo, huduma ya kwanza waliyojifunza kabla, na hospitali iliyo karibu.

Kozi ya huduma ya kwanza ya kawaida hufundisha majeraha na kupumua, lakini ile iliyotungwa kwa ajili ya kilimo huongeza mambo ambayo mwingine hawezi kuyabuni. Anayefanya kazi juani akiwa na dawa mgongoni, akianza kuumwa kichwa na kichefuchefu, anaweza kuwa amezidiwa na joto au ameingiwa na sumu. Aliyezidiwa na joto kwa kawaida kinywa chake hukauka. Aliyeathiriwa na viuatilifu vya kundi la organofosfeti hutokwa na mate na machozi mengi, na mboni za macho yake huweza kusinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Wote wawili watolewe juani, lakini wa pili avuliwe nguo, aoshwe mwili kwa maji mengi na apelekwe hospitali pamoja na lebo, kwa kuwa daktari ana atropini, dawa ya kukabili sumu hiyo, lakini hawezi kukisia kiuatilifu kilichotumika. Asitapishwe, isipokuwa lebo au mtaalamu ameagiza hivyo. Dawa ikiingia machoni, yasafishwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Kozi hiyo hufundisha pia jambo gumu kuliko yote, nalo ni kutoingia. Katika shimo la samadi hujikusanya gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo kwa kiasi kidogo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na anayeshuka hudhani hewa imesafika. Katika silo, yaani ghala refu la nafaka, nafaka inayotiririka kuelekea chini humfunika mtu kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kumwita mwenzake. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani (NIOSH) ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo yaliyofungwa ya aina hii walikuwa wameingia kuokoa. Ukilinganisha kozi mbili na moja haina somo hili, chagua nyingine.

Kabla ya msimu wa kupulizia kuanza, namba ya kituo cha sumu na ya hospitali iandikwe kwa herufi kubwa, ikiambatana na maelezo ya kuelekeza gari la wagonjwa hadi shambani, na karatasi hiyo ibandikwe palipo na dawa na pia pale vibarua wanapopumzikia. Namba hizo zipigwe wakati hakuna dharura, ili ijulikane kama kuna anayepokea usiku na kwa lugha gani.